Andikeni Mchuzi, Acheni Machozi

Mwaka jana niliandika habari za mama ntilie mmoja wa hapa Likombe. Kurasa tatu. Nikazisoma kijiweni mbele ya kikundi chetu cha uandishi, washikaji wakapiga makofi, na dada mmoja akatoa leso. Nilikuwa nimemaliza kila kitu: mikono iliyopasuka, moshi machoni, mtoto mgongoni, kuamka saa tisa usiku, mkaa uliopanda bei. Kesho yake nikampelekea mwenyewe. Nikamsomea palepale kibandani, wateja wakisikiliza huku wakitafuna, na sitaficha, nilikuwa nategemea sahani ya bure.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akapangusa mikono kwenye kanga, akafunika sufuria.

"Mwanangu, unakula hapa mwezi wa nane sasa. Mbona humo hamna pweza?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Moshi umeuona. Pweza wangu hukumwona?"

Ndugu msomaji, nilirudi nyumbani nikahesabu. Moshi nilikuwa nimeuandikia sentensi kumi na moja. Pweza, ambaye watu wanatoka mpaka Shangani kumfuata, hakuwa na hata moja. Katika kurasa tatu za kumsifu mpishi sikuwa nimesema anapika nini, wala kama kinalika. Makala ile ingeweza kuwa ya mama yeyote, wa Tandale au wa Kisumu, ningebadilisha jina la mtaa basi. Ule haukuwa uandishi. Ulikuwa usanii, kwa ile maana ya mtaani.

Basi leo nataka tugombane.

Nasema hivi: sisi vijana wa kalamu tunamdharau mama ntilie, na tunamdharau kwa huruma yetu. Ukileta shairi kijiweni watu wanakuchambua vina na mizani mpaka jasho linakutoka. Wanakuchambua kwa sababu wanaamini ungeweza kufanya vizuri zaidi. Siku mtu akikwambia tu "hongera kwa kujitahidi", jua amekwisha kukufuta. Sasa mama anayepika sufuria nne kila siku ya Mungu, miaka kumi na tano mfululizo, sisi tunampa nini? "Hongera kwa kujitahidi", kurasa tatu, na leso.

Jina lenyewe lina historia. "Mama, nitilie": nitilie chakula nile. Lilienea mijini miaka ya 1980, uchumi ulipobana na mshahara ukawa haufiki katikati ya mwezi, wanawake wakatoa sufuria zao nje wakauza. Mwaka 1983 ikapitishwa sheria ile ya Nguvu Kazi, na wasio na kazi ya kusajiliwa wakawa wanakamatwa mijini kama wazururaji. Baadaye wakubwa wakaona "ntilie" ni jina la kishamba, wakatuletea "mama lishe". Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja. Kwa hiyo amefukuzwa, amebadilishwa jina, amesajiliwa. Wote hao walimwona kwa namna yao. Ambaye hajawahi kumtokea ni mtu wa kukaa kwenye benchi lake, kulipa, kula, halafu kuandika kwa majina na sababu kwamba hiki kizuri na hiki kibaya. Hiyo ni kazi yetu, na sisi tumetoroka.

Tukijaribu kuandika chakula tunakimbilia hoteli. Hapo utasoma "mandhari ya kuvutia" na "huduma za kimataifa", maneno ambayo hayana chumvi wala ndimu. Mshikaji wangu mmoja, mwandishi mzuri tu, karudi kutoka Dar, kapelekwa na shemeji yake kula taco pande za Masaki. Bwana we! Nusu saa nzima anasimulia: kile kichapati cha mahindi kilivyopashwa mpaka kikapata madoa, nyama iliyochomwa na kukatwakatwa, vitunguu vibichi, majani ya giligilani, ndimu ikikamuliwa juu, pilipili inavyochelewa halafu inakuja. Nikasema huyu mtu anajua kuandika chakula! Nikamuuliza, na leo mchana hapa nyumbani umekula nini?

"Ugali tu."

Hilo neno "tu" ndilo ninalopigana nalo. Ugali wa nini? Wa muhogo au wa sembe? Kwa nini? Mboga ilikuwa imeungwa na nini? Hakujua. Ulimi uliohesabu madoa ya kichapati Masaki ulikuja kulala Mtwara.

Halafu nikaanza kuchunguza hiyo taco na ndugu zake, na nikakuta kichekesho. Kile wanachokiita Tex-Mex, wengine wakikitamka kwa madoido kama vile kimeshuka mbinguni, ni chakula cha mpakani. Ni vibanda. Vita vya Marekani na Mexico vilipokwisha mwaka 1848 mto mmoja ukafanywa mpaka kule Texas. Wamarekani wanauita Rio Grande, Wamexico Río Bravo. Watu walikuwa wa pande zote mbili na waliendelea kupika. Nachos zinazouzwa kwenye viwanja vya mpira duniani zilianzia Piedras Negras, mji mdogo kwenye ukingo wa mto huohuo upande wa Mexico, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Wateja wakafika jikoni hakuna mpishi, mhudumu mkuu aitwaye Ignacio Anaya akachukua vilivyokuwepo: vipande vya mahindi vya kukaanga, jibini, pilipili. Nacho ni kifupi cha Ignacio. Tunakula jina la mtu.

Na San Antonio, mji wa Texas, walikuwepo mama ntilie kabisa. Miaka ya 1880 wanawake wa Kimexico walikuwa wakitoa sufuria za nyama na pilipili jioni kwenye viwanja vya mji, meza ndefu, taa, benchi. Wakaitwa malkia wa pilipili. Mwishoni mwa miaka ya 1930 idara ya afya ya mji ikawabana kwa kanuni za usafi, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 wakawa wametoweka viwanjani. Unasikia harufu ya mgambo hapo? Lakini kilichonikera zaidi ni waandishi wa magazeti waliokuwa wakipita pale. Walijaza karatasi kwa macho ya wale wanawake, nywele zao, maua yao. Walikuwa wageni wa mezani kama mimi, na walikuwa na moshi wao, ila wao waliuita urembo.

Alikuja kupatikana mtu wa kufanya kinyume. Jonathan Gold, wa Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kijana asiye na jina, alijipa kazi ya kula katika kila mgahawa wa barabara moja ndefu inayoitwa Pico, mmoja baada ya mwingine. Baadaye akawa anaandika gazetini juu ya magari ya kuuzia taco na vijumba vya wahamiaji kwa uzito uleule ambao wengine waliwawekea wapishi wa Kifaransa. Mwaka 2007 akapewa tuzo ya Pulitzer, mhakiki wa kwanza wa migahawa kuipata. Alifariki 2018. Sisemi tumwige Mmarekani. Nasema mshikaji wangu anapoimba taco Masaki, anaimba kitu ambacho watu walikubali kukiandika.

Sasa, sisi pia tuna mto.

Ruvuma uligeuzwa mpaka mwaka 1886, Wajerumani na Wareno walipokubaliana juu ya karatasi. Wamakonde wako ng'ambo na huku. Walivuka kutafuta kazi, walivuka wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji kuanzia 1964, wamevuka tena miaka hii ya fujo za Cabo Delgado, hasa baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021. Anayevuka na mtoto na godoro anavuka pia na namna yake ya kupika. Ongeza na huu mji wenyewe, ambao Waingereza waliuchora mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Karanga zikawashinda, reli ikang'olewa, watu waliokuja kutoka kila upande wakabaki. (Karanga nazo zimebaki. Ziko ndani ya kisamvu.)

Na tukitaja kisamvu: nenda Maputo, nenda hata Lisbon, kwenye mgahawa wa Kimsumbiji. Utaletewa matapa. Majani ya muhogo yaliyotwangwa, karanga, tui la nazi, mara nyingine kamba juu yake. Kinatajwa kwenye vitabu vya mapishi kama fahari ya Msumbiji. Ni kisamvu kile! Hapa Likombe kinawekwa pembeni ya ugali kwa kijiko kimoja, na ukiuliza ni nini unaambiwa "mboga tu". Tena "tu". Pilipili ndiyo imetutendea ajabu zaidi: mmea umetoka Amerika, huko Mexico na jirani zake, ukaletwa na Wareno, ukapata jina kwetu huku pwani, na leo dunia nzima inakula kuku wa "piri-piri" kwa hilo jina letu la kukopwa. Waganda nao hawakusubiri mtu: chapati na mayai iliyokunjwa barabarani wameiita rolex, na mwaka 2016 wakaifanyia tamasha Kampala. Sisi tunazo ming'oko, viazi vya porini vinavyochimbwa kiangazi, vinachemshwa, vinauzwa na chumvi ya pilipili, na ukivuka Lindi kwenda kaskazini ni nadra kukuta mtu anayevijua. Nionyesheni ukurasa mmoja mzuri wa kijana wa Mtwara juu ya ming'oko. Mmoja.

Haya. Turudi kibandani, maana nilirudi kweli, na daftari, na aibu.

Pweza yule anapigwa kwanza, muda mrefu, juu ya jiwe. Halafu anachemka kwa maji anayoyatoa mwenyewe pamoja na kipande cha papai bichi, bila chumvi. Chumvi ikitangulia anakaza. Mama anamjaribu kwa kijiti cha ufagio, sehemu ile nene ya mkia wa mkono, karibu na kichwa. Kijiti kikiingia bila kubishana ndipo anamkata. Vitunguu, nyanya chache, bizari kwa kubania, na tui jepesi. Tui zito linakuja mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, na hapo haongei na mtu, anakoroga upande mmoja, kwa sababu tui likikatika siku imeharibika. Kinachofika kwenye sahani ni mchuzi wa rangi ya udongo wa Newala, mzito kiasi cha kushika ugali lakini haubaki mdomoni kama mafuta. Nyama inakatika kwa jino ila haijalegea, bado unajua umekula kitu kilichokuwa hai baharini. Kasoro yake: ndimu. Anaikamulia sufuriani badala ya kumpa mteja kipande, kwa hiyo sahani ya saa sita ina ukali mzuri na sahani ya saa tisa ina uchungu. Nenda saa sita.

Ugali wake wa muhogo ni wa makopa, na hapa naomba tuwe makini kidogo kwa sababu kuna wanaodhani kritiki ya chakula ni anasa. Muhogo mchungu una sumu. Usipolowekwa na kukaushwa ipasavyo, hasa mwaka wa njaa watu wanapoharakisha, unaleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, na uliwahi kuripotiwa huku Kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bibi zetu wanajua kwa kuonja. Wanaweka ncha ya ulimi kwenye kopa na kusema hili bado. Huo ndio uhakiki wa kwanza tuliokuwa nao, na mtu aliyekuwa akisema "bado" hakuwa anamwonea aliyeanika. Unga wa mama yule umetulia, una uchachu mdogo wa mwisho, unavutika bila kunata kwenye vidole.

Najua mtakachosema, kwa sababu mmeshakisema kijiweni: utamharibia mama biashara. Una kazi na kalamu, yeye ana watoto wanne na sufuria, neno lako moja baya linamlaza na njaa. Hoja hii siidharau. Imenikosesha usingizi. Mtu akiandika vibaya juu ya hoteli kubwa, hoteli inacheka. Kibanda kinaishi kwa wateja hamsini.

Lakini hebu tazameni upande wa pili wa benchi. Anayekula pale ni kuli wa bandarini, ni kijana wa bodaboda, ni mwanafunzi aliyepanga chumba. Ana shilingi 3,000 na ndiyo chakula chake cha siku. Nikijua mafuta ya chipsi ya kibanda fulani karibu na stendi yamekaangiwa wiki nzima mpaka yamekuwa meusi kama oili chafu, nikanyamaza kwa huruma, nimemhurumia nani? Nimemwibia yule wa 3,000. Na mama wa kibanda cha pili, anayemwaga mafuta kila jioni na kula hasara, nimemwibia pia, kwa sababu kwenye kurasa zetu wote ni sawa, wote "wanajitahidi".

Mimi nimejiwekea masharti yangu, mtu asinifuate kama hataki. Nalipa kila mara, tangu siku ile ya sahani ya bure niliyoikosa. Siandiki kwa siku moja. Narudi hata mara tatu, kwa sababu kila mpishi ana Jumatatu yake. Baya namwambia mwenyewe kabla sijaliandika. Na kibanda chenye kosa sikitaji kwa jina, nataja kosa, wenye mtaa wataelewa na mwenye mafuta atajijua. Kizuri nakitaja mpaka nguzo ya umeme iliyo jirani. Kuna mtu ataita huu ni woga. Sawa. Ni woga niliochagua baada ya kufikiri, tofauti na ule wa zamani.

Nimeanza kutembea, kutoka Likombe kuelekea Feri, kibanda kwa kibanda, bila kuruka. Kazi ni ngumu kuliko nilivyodhani na mara nyingi haina utamu wowote. Siku nne mfululizo nimekula maharage yaliyofanana mpaka nikaanza kujiuliza kama sufuria ni moja inayotembea usiku. Kuna chapati moja njiani ambayo ningeikataza kwa sheria. Kule Feri, wanakosubiri kivuko cha Msanga Mkuu, kuna changu wa kukaanga ambaye ngozi yake inavunjika kama karatasi na ndani bado ana maji yake, kwa sababu anayekaanga anasubiri mafuta yatulie kabla ya kumtumbukiza. Nilimtazama nusu saa. Hana haraka hata foleni ikifika barabarani. Wateja wanamtukana, halafu wanakula, halafu wanarudi. Hiyo nusu saa ni hadithi nzuri kuliko zote nilizoleta kijiweni miaka mitatu, na hakuna aliyelia.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa mama wa pweza. Kulikuwa na wali, nikaagiza. Umekuwa bokoboko, kijiko kinasimama. Zamani ningeumeza na kwenda kuandika juu ya kiganja chake. Nikakaa. Nikanywa maji. Nikasema, shikamoo nilikwisha kuitoa lakini nikaitoa tena kwa woga, "Mama, wali wa leo haukukaa sawa."

Benchi zima likanigeukia. Jamaa mmoja wa bodaboda akaacha kutafuna.

Mama akachota kwa kidole, akaonja, akatazama sufuria kwa muda kama anayetazama mtoto aliyemtia aibu.

"Mchele mpya," akasema. "Nimeutilia maji ya mchele wa zamani." Akafunika. "Andika. Ila na pweza umwandike."

Nikaandika vyote viwili palepale, nikalipa 3,000, sahani nzima, pamoja na wali nilioubakiza.